Mashine ya Lupu na Ngoma ya Binamu: Kijana wa Idodi Atulie Kwanza

Wadau, kuna ishu imeigawa Idodi wiki nzima sasa, na wala sio siasa. Kuna kijana mmoja pale, jina linahifadhiwa, anapiga gitaa na kuimba. Anayemjua anamjua. Ndiye yule anayepanda bodaboda na gitaa mgongoni kwenda kuwapigia watalii kwenye kambi za njia ya Tungamalenga, kabla hujafika geti la Hifadhi ya Ruaha. Msimu wa kipaimara na harusi ukifika anaitwa huku na huko mpaka anachanganya tarehe. Pembeni yake siku zote yupo binamu yake na ngoma. Wametoka mbali hao wawili.

Sasa kijana kaona video kwenye simu. Jamaa wa Ulaya kasimama mbele ya meza, juu ya meza kuna mashine yenye taa za duara zinazozunguka. Anagonga kifua, anabonyeza. Anaimba besi kwa mdomo, anabonyeza. Anaongeza sauti ya pili, ya tatu, na baada ya dakika moja mtu mmoja kashakuwa kwaya na bendi. Kijana hakulala. Asubuhi akamwambia mama yake magunia yote ya mpunga yaliyoko stoo yauzwe, anunue mashine ile ile. Mama akamuuliza swali moja tu: "Hiyo mashine inapalilia, mwanangu?"

Mama ndio kama kacheka, lakini binamu hakucheka. Yeye alielezwa kwamba ngoma yake itarekodiwa siku moja, iingie kwenye mashine, halafu kazi za kambini kijana awe anakwenda peke yake maana huko wanalipa kwa kichwa. Binamu alinyamaza. Mpaka leo kanyamaza.

Vijiweni kuna kambi mbili. Wapo wanaosema aachwe atoboe, dunia imebadilika. Wapo wanaosema karogwa na simu. Ukikaa chini ukalipima jambo lenyewe, unakuta mashine ya lupu inamfaa kabisa kijana huyu. Ile aliyoichagua ndiyo haimfai, na ile hesabu ya ngoma ya binamu ndiyo mbaya kuliko zote. Twende taratibu.

LUPU NI NINI HASA

Kwa ambao hawajawahi kuiona: mashine ya lupu inarekodi kile unachopiga sasa hivi, na ukibonyeza mara ya pili inakirudia hapo hapo bila kukatika, kikizunguka kama mkanda wa mashine ya kusaga. Wewe juu yake unapiga kitu kingine. Ukitaka, na hicho unakirekodi juu ya kile cha kwanza. Tabaka juu ya tabaka. Mpiga gitaa anaweka kodi, juu yake anaweka besi kwenye nyuzi nene, juu yake anapiga solo na kuimba.

Wazo lenyewe ni la zamani. Robert Fripp na Brian Eno mwaka 1973 walitoa albamu nzima wakitumia mashine 2 kubwa za tepu, moja inarekodi na nyingine inarudia. Baadaye ikaja kwenye vipedeli vidogo vya kukanyaga. Mwaka 2004 dada mmoja wa Scotland, KT Tunstall, aliitwa dakika za mwisho kuziba nafasi ya Nas kwenye kipindi cha muziki cha BBC. Akaja na gitaa, kigoma cha mkononi na pedeli moja ya Akai. Usiku ule ndio ulimtoa. Na Julai 2015 Ed Sheeran alijaza uwanja wa Wembley siku 3 mfululizo akiwa na gitaa na mashine ya lupu miguuni.

Sasa angalia kitu kimoja kwenye mifano hiyo miwili ya mwisho. Wote walikuwa na gitaa mikononi. Wote walikanyaga. Hakuna aliyesimama mezani akibonyeza kwa vidole katikati ya wimbo, kwa sababu vidole vilikuwa na kazi nyingine.

MIKONO IKO WAPI?

Hili ndilo swali la kwanza la mtu anayetaka kununua, kabla ya kuuliza bei na kabla ya kuuliza chapa. Unapopiga, mikono yako iko wapi?

Ile mashine ya kwenye video ni ya jamii ya BOSS RC-505. Toleo la kwanza lilitoka 2013, la pili 2021. Ina traki 5, kila moja na kitufe chake na kiberenge chake cha kupandisha na kushusha sauti. Ni mashine nzuri, hakuna ubishi. Lakini imetengenezwa iwekwe mezani na ichezwe kwa mikono. Imetengenezwa kwa mtu ambaye chombo chake ni mdomo.

Iringa mjini yupo dada mmoja anayeimba bila chombo chochote, anapiga midundo kwa mdomo, anajipangia sauti nne mwenyewe. Huyo akiuza kitu chake akanunua mashine ya mezani, apigiwe makofi. Mikono yake iko huru. Mpiga gitaa wa Idodi akifanya hivyo hivyo, kila anapotaka kufunga lupu itabidi aachie nyuzi abonyeze. Na pale anapoachia nyuzi ndipo lupu inapofungwa, kwa hiyo kila mzunguko utakuwa na shimo mwishoni. Watu hawatajua tatizo ni nini, watasema tu jamaa leo anakwama kwama.

Kwa gitaa, zeze, marimba au chochote kinachoshikwa, jibu liko chini ya mguu.

TRAKI TANO ZA NINI?

Swali la pili: kwa shoo moja, unahitaji nini kizunguke? Kijana nyimbo zake nyingi zina kodi tatu zinazojirudia toka mwanzo hadi mwisho. Anahitaji kodi zizunguke ili apige solo juu. Basi. Traki moja yenye uwezo wa kuongeza tabaka inamtosha, labda na kitufe cha kufuta tabaka la mwisho akikosea.

Watu wanadanganyika na dakika pia. Unasikia hii inabeba masaa, ile inabeba dakika 5 tu, unaona ya dakika 5 ni ya kitoto. Hebu piga hesabu. Wimbo wenye mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, ukirekodi mapigo 16, hiyo ni sekunde 8. Sekunde nane! Pedeli ndogo ya TC Electronic Ditto inabeba dakika 5, yaani lupu kama hiyo ingeingia mara 37. BOSS RC-1 inabeba dakika 12. Electro-Harmonix 720 nayo dakika 12, imegawanyika sehemu 10. Hakuna harusi Idodi wala Pawaga itakayozimaliza dakika hizo.

Kuna mashine kubwa za kukanyaga pia, kama RC-600 yenye traki 6 na vitufe 9 vya mguu. Mtu anasema si afadhali hiyo basi, ni ya mguu. Sawa, lakini vitufe tisa kwenye giza la kambini, moto unawaka upande mmoja tu, umevaa viatu vya shoo, unaimba umefumba macho? Kabla hujavijua vitufe tisa utakuwa umekanyaga kisicho chako mara nyingi mbele ya watu. Mashine ya vitufe vingi inataka miezi ya mazoezi, na ni kwa mtu ambaye ile ya kitufe kimoja imeshamshinda kwa udogo.

KUSIMAMA NDIO MTIHANI

Hapa ndipo wengi hawaelezwi dukani. Kuanza lupu ni rahisi. Kazi iko kwenye kuisimamisha.

Pedeli za kitufe kimoja, kama Ditto, ukitaka kusimamisha unakanyaga mara mbili haraka haraka. Ukichelewa kidogo kanyagio la pili, mashine inaelewa vingine. Picha yake ni hii: wimbo wa maharusi umefika mwisho, bibi harusi kashashikwa mkono, mpigaji kapiga kodi ya mwisho kwa mbwembwe, gitaa linanyamaza, halafu mashine inaendelea ting'i ting'i ting'i peke yake. Aibu yake haina mfano. MC anacheka kwenye maiki.

Kwa hiyo kwa mtu wa shoo, pedeli yenye vitufe viwili, kimoja cha kurekodi na kimoja cha kusimamisha, ina thamani kuliko traki kumi. Ile 720 ina vitufe viwili. RC-1 na RC-5 zina kitufe kimoja lakini zina tundu la kuchomeka kitufe cha pili cha nje. Hicho cha nje kinunuliwe siku hiyo hiyo, kisingoje "nitakuja kukinunua baadaye", maana baadaye ndio hiyo harusi.

Na mwanzo nao una siri yake. Hesabu inatakiwa ifungwe pale "moja" inapoanza, sio pale "nne" inapoisha. Mguu ukichelewa kidogo tu, lupu inachechemea, na itachechemea vile vile kila mzunguko mpaka wimbo uishe. Hakuna mashine ya bei mbaya itakayomnyooshea mtu mguu. Hilo ni zoezi la nyumbani, na linaweza kuanza bila kununua kitu: piga gitaa huku mguu ukigonga kifuniko cha chupa sakafuni kwenye kila "moja". Ukiweza kuimba nyimbo tatu bila mguu kupotea, upo tayari.

UMEME WA KWETU TUNAUJUA

Sasa tuje kwenye mazingira, maana video ile haikurekodiwa Idodi.

Kambi nyingi za njia ya hifadhini zinatumia sola na jenereta. Harusini umeme upo lakini unaweza kukonyeza saa yoyote, na ukikonyeza mashine inazima, lupu inakatika katikati ya ubeti. Spika za kuchaji siku hizi zipo kila mahali, kwa hiyo sauti inaweza kuendelea hata umeme ukikata. Mashine ya mezani ya RC-505 inategemea adapta tu. RC-1 na RC-5 zinakubali betri ile ya mraba ya volti 9. Betri hiyo haikai sana, ni masaa machache, lakini kwa shoo ya kambini ya kula chakula cha jioni inatosha, na akiba inakaa mfukoni. Ditto ya kawaida haina sehemu ya betri, ni ndogo mno. Mtu asije akainunua akitegemea hilo.

Adapta nazo zinaua. Pedeli nyingi za gitaa zinatumia volti 9, na katikati ya ile ncha ya kuchomeka ni hasi. Adapta nyingi za mtaani, za redio na vingamuzi, katikati ni chanya. Zinaingia vizuri tu, zinafanana, na unaweza kuunguza mashine kwa sekunde moja. Kingine, mashine za mtumba kutoka Japani na Marekani zinakuja na adapta za volti 100 au 120. Umeme wetu ni 230. Ukichomeka, umeaga. Na asitokee fundi akaiunga pedeli moja kwa moja kwenye betri ya sola ya volti 12 kwa sababu "tofauti ni ndogo". Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotoa moshi.

Halafu kuna vumbi. Kifaa kinachobebwa kwa bodaboda kwenye barabara ile, kikiwa na viberenge vya kusukuma juu chini, vumbi litaingia kwenye mifereji na siku moja sauti itaanza kukwaruza. Pedeli ya chuma ya ukubwa wa kiganja inaingia kwenye mfuko wa gitaa, imefungwa kitambaa, inafika salama.

MAIKI ISIINGIE HUKO

Kosa lingine ni kutaka kila kitu kipite kwenye lupu. Pedeli ndogo zina tundu la waya wa gitaa, hazina tundu la maiki. Watu wanaona ni upungufu. Kwa mtu anayeimba na gitaa nje, mbele ya spika, ni bahati.

Maiki ikiwa kwenye lupu na spika iko karibu, kila unapoongeza tabaka maiki inasikia na kile kinachotoka kwenye spika, inakirekodi upya. Mzunguko wa tatu sauti ishakuwa matope. Wa nne inaanza kupiga mluzi. Njia salama ni hii: gitaa liingie kwenye pedeli, pedeli iingie kwenye mikisa, maiki iende kwenye mikisa moja kwa moja. Sauti ya mtu inabaki safi, inabaki ya usiku ule.

Na kama gitaa halina pikapu ndani, hapo ndipo hela ya kwanza iende. Vile vidude vya duara vya kubandika kwenye mbao ni vya bei rahisi na vinafanya kazi hata kwenye marimba na zeze. Mashine ya lupu bila sauti safi inayoingia ni kurudia makelele kwa ustadi.

ANAYETAKA KUJARIBU ANA SIMU

Kabla ya gunia hata moja kutoka stoo, kijana ana simu. Zipo programu za lupu, za iPhone kama Loopy HD zinajulikana, na za Android zipo pia. Tatizo la simu nyingi za Android ni kwamba kati ya kugonga kioo na sauti kutoka kuna kuchelewa kidogo, na hicho kidogo kwenye muziki ni kingi. Kwa hiyo shoo usiitegemee. Ila kwa kujifunza kufikiri kwa tabaka, wimbo gani unakubali lupu na upi unakataa, simu inatosha kabisa. Wiki mbili za hivyo zitamwonyesha kijana kwamba nusu ya nyimbo zake hazihitaji lupu. Wimbo wenye kodi tofauti kwenye kiitikio utamkataa, kwa sababu lupu inarudia kile kile. Ni bora ajue hilo bure.

SASA TUJE KWA BINAMU

Hapa ndipo ishu yenyewe ilipo, na wengi vijiweni wanaikwepa.

Kuna watu wanasema lupu ni pleibeki iliyochangamka. Mashabiki wa Bongo wamechoka na msanii anayekuja na flashi, anachomeka, anaruka ruka juu ya sauti yake mwenyewe. Je, lupu ni hiyo hiyo? Hapana, na tofauti ni moja tu: mtu kaiona ikitengenezwa. Mtalii aliyekaa pale kambini kamwona kijana akipiga kodi, kamwona akikanyaga, kasikia zikirudi. Utamu wote uko hapo. Ni kama mama anayepika mbele yako, unaona kitunguu kikiingia. Chakula kilichotoka kwenye friji kinaweza kuwa kitamu pia, lakini hakuna anayesogea jikoni kukiangalia.

Sasa mashine kama RC-5 ina nafasi 99 za kutunza lupu, na ngoma za umeme ndani yake. Mashine za mezani nazo zinatunza. Kijana alivyoona kwamba inatunza, ndipo akapata lile wazo: ngoma ya binamu irekodiwe siku moja, ibebwe milele. Hapo ndipo lupu inapogeuka kuwa flashi. Ngoma ile haikupigwa usiku ule, hakuna aliyeiona, na aliyeipiga yuko nyumbani Idodi bila hata shilingi ya nauli. Kwa watalii ni udanganyifu mdogo. Kwa binamu ni kitu kikubwa zaidi: ni mkono wake unaofanya kazi bila yeye.

Na mtu asiseme ni mambo ya ndugu, yataisha nyumbani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua hata mpigaji, haimtambui mtunzi peke yake. Kurekodi upigaji wa mtu na kuutumia kunataka ridhaa yake. Binamu hajui COSOTA iko mtaa gani na wala hana mpango wa kwenda, lakini ukimya wake unasema kitu kile kile ambacho sheria inasema.

Halafu kimuziki tu, hesabu haijakaa. Ngoma za umeme za kwenye mashine nyingi zimepangwa kwa kuhesabu nne. Ngoma nyingi za upande huu, za Wagogo na Wahehe, zinatembea kwa sita, zina mteremko wake. Ukilazimisha, wazee wanakaa chini. Na lupu haijui kuongeza mwendo. Harusini, mama mkwe akiingia kati na kanga kiunoni, binamu anaona, anaongeza, uwanja mzima unapanda naye. Mashine itaendelea na mwendo wake ule ule kama saa ya ukutani.

Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki Desemba 2003, aliwashangaza Wazungu kwa marimba, zeze na koo lake. Alirekodi *Chibite* kwa lebo ya Real World mwaka 1996, na 2002 akatoa *Assembly* pamoja na Michael Brook, bingwa wa mitambo ya kurefusha sauti ya gitaa. Mzee alikubali mitambo. Lakini mitambo ilimkuta ameshakamilika. Marimba yenyewe ukiisikiliza vizuri ni lupu: vidole gumba vinazungusha kitu kile kile, na ndani yake kinabadilika kidogo kidogo kila mzunguko. Huko kubadilika kidogo ndiko ambako mashine haina. Lazima mtu akulete yeye mwenyewe.

KAMBINI PEKE YAKE, HARUSINI WAWILI

Haki itendeke kwa kijana pia. Anachosema kuhusu kambi ni kweli. Wapo wenye kambi wanaotaka mtu mmoja, sauti ya chini, watu wanakula. Pale ngoma ni kubwa mno hata kama posho ya wawili ingekuwepo. Kwa kazi kama hizo lupu ni mkombozi: kodi zinazunguka, anapiga solo taratibu, anaimba, mtu mmoja anatosha na anajaza nafasi. Hakuna dhambi hapo. Kuanzia Juni mpaka Oktoba, kiangazi, watalii ndio wengi Ruaha, na kijana akikosa msimu huo amekosa mwaka.

Lakini harusi, kipaimara, send-off, hizo ni kazi za wawili. Huko lupu ikae pembeni, au itumike kwa nyimbo mbili tatu za utulivu binamu akipumzika. Wakitaka kuitumia pamoja inawezekana pia, ila binamu lazima aisikie lupu vizuri, spika ndogo iwekwe karibu na miguu yake, maana hapo yeye ndiye anayeifuata mashine. Ikiwa haisikii, baada ya mizunguko mitano kila mmoja yuko kijiji chake.

Kwa hiyo hukumu ni hii. Kijana anunue pedeli ndogo ya kukanyaga, yenye kitufe cha kusimamisha, na kama atachagua kati ya ile inayotunza lupu 99 na ile inayobeba moja tu, achukue inayobeba moja. Wimbo mpya ukianza, wa zamani unafutika. Itamlazimu atengeneze kila usiku mbele ya watu, na itamwondolea kishawishi cha kumbeba binamu mfukoni.

Kuhusu hela: mashine moja ya mezani ina bei ya pedeli ndogo nne, na chenji inabaki. Tena mpunga wa wakati wa mavuno bei yake iko chini, anayevumilia miezi michache ndiye anayekula faida. Kuuza stoo nzima sasa hivi ni kupoteza mara mbili. Yauzwe magunia machache, yatoshe pedeli, kitufe cha pili, pikapu na adapta sahihi. Mengine yakae, mama ndiye aliyeyapalilia.

Akienda kununua, iwe Iringa mjini, Mbeya au Kariakoo, aende na gitaa lake. Aombe pedeli ichomekwe, arekodi lupu, aisimamishe mara kumi. Kama katika kumi imemgomea mara mbili, iwe ni mguu au ni kitufe, asitoe hela siku hiyo. Asome maandishi mgongoni mwa adapta kabla hajaondoka. Na asinunue kwa mtu anayekataa kuiwasha.

Ila kabla ya safari ya mjini kuna safari fupi zaidi, ya kutoka kwao mpaka kwa kina binamu. Aende jioni, apige hodi, aseme kamwene, akae. Asianze na habari ya mashine. Aanze na ile kipaimara inayokuja, saa ngapi wanatoka na nani anabeba ngoma.

Wadau, nyie mnasemaje? Hasa nyie wapiga ngoma, ambao siku zote maiki haiwafikii. Uwanja ni wenu hapo chini.